Sir Ralph Verney: katika vita vya Bunge na Mfalme kule Uingereza alikuwa upande wa Bunge, mbona Bunge lilizuia mali yake?

Mdadisi77: Wakuu, baba yake, Sir Edmund, alikufa katika pigano la Edgehill 1642 akibeba bendera ya Mfalme Charles I. Ralph, mbunge wa Aylesbury, alibaki na Bunge. Kosa lake nini?

Kumbukumbu: Aligoma kutia saini Agano la 1643, mapatano ya Bunge kuungana na Waskoti dhidi ya Mfalme, akahamia Ufaransa. 1645 akafukuzwa bungeni. Hakuwahi kushika silaha, lakini utoro ulitosha mali kuzuiwa. Aliyeikomboa ni mkewe Mary: alirudi London 1646 akiwa mjamzito, akazungukia wabunge na kamati mpaka zuio likaondolewa Januari 1648. Mwanasiasa hasa wa nyumba ile ni yeye, kwa maoni yangu. Mary alifariki Blois, Ufaransa, 1650.

Mdadisi77: Na ubaroneti, kile cheo chake, alipewa lini?

Nasaba: 1661, ufalme uliporudi. Usichanganye na ulodi: ubaroneti hurithiwa, ila hautoi kiti katika Bunge la Malodi. Ndiyo maana miaka ya 1680 aliweza kugombea tena ubunge wa kuchaguliwa, akawa mbunge wa Buckingham. Bei ya 1611, cheo kilipoanzishwa, ilikuwa paundi 1,095, yaani gharama ya kulipa askari 30 kwa pensi 8 kila mmoja kwa siku, miaka 3. Ralph alipofariki 1696, mrithi ni mwanawe John, mfanyabiashara, kwa kuwa kaka mkubwa wa John, Edmund (jina la babu yake), alikufa 1688.