Nimefungiwa kilabu Paje kwa karatasi ya daftari, na "mtaalamu" kanila laki sita

Jamani salaam. Naandika nikiwa na hasira, nikipitiliza mtanisamehe.

Mie nina kilabu ya usiku upande wa Paje, hapa Zanzibar. Baa, muziki, pahala pa kuchezea, na kijana mlangoni wa kuangalia umri. Si danguro, maana najua wapo watakaokimbilia huko kabla hawajamaliza kusoma. Alkhamisi iliyopita, saa nne za usiku, wakaja watu wanne na gari. Wakazima muziki, wakatoa wageni, wakabandika karatasi mlangoni. Karatasi yenyewe imechanwa kwenye daftari la skuli, mistari ya buluu inaonekana, imeandikwa kwa maka: PAMEFUNGWA HADI ITAKAPOTANGAZWA. Haina nembo, haina namba, haina jina la aliyefunga wala kifungu cha sheria.

Nikauliza kosa langu. Mmoja akasema kelele. Mwengine akasema niko karibu na msikiti. Wa tatu akasema leseni yangu ni ya baa tu, muziki una kibali chake. Nikawaambia basi chagueni moja mniandikie. Wakacheka.

Mie Muislamu, mzaliwa wa hapa hapa. Ramadhani nafunga bila kuambiwa na mtu. Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, akisema leo kuna maulidi, spika nazima. Sheria kali naiweza, ilimradi niisome. Hii ya mdomoni inabadilika kwa kila anayeshuka garini.

Sasa sikilizeni la pili, ndilo linaloniuma zaidi. Nikaletewa mtu, eti mtaalamu wa kuwasaidia wenye kumbi za starehe kujibu serikali. Suruali imepigwa pasi, faili mkononi, maneno matamu. Akataka 600,000, nikampa. Siku ya tatu kaleta barua ya rufaa kurasa nne. Nikaipeleka ofisini kifua mbele. Karani, kijana mdogo tu, akasoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia kwa ncha za vidole: "Ami, hii kapande nayo boti." Kumbe barua nzima imesimama juu ya Sura ya 77, sheria ya vileo ya Bara! Vileo si jambo la Muungano, sisi tuna sheria yetu iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Na chini ukurasa wa tatu limebaki jina la manispaa moja ya Dar es Salaam, hakujisumbua hata kulifuta. Nikimpigia, simu haipatikani.

Mpwa wangu anasoma sheria. Kaniambia, "Mjomba, umenunua tatizo jengine kwa laki sita." Tukakaa tukaandika wenyewe, ukurasa mmoja, bila vitisho: nani kafunga, kwa kifungu gani, sababu ipi, na rufaa inakwenda wapi. Tumetaja Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 12, haki ya kusikilizwa. Nakala mbili, moja inarudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Tumeambatanisha leseni na risiti za kodi. Tukachukua na tepu ya fundi, mita 50, tukapima kutoka mlangoni hadi msikitini. Tumeiburura mara saba na bado hatujafika.

Msinambie wageni hawana haja na starehe. Januari 2024 vileo vilipoadimika, bei ya bia ikakaribia mara mbili, na mwezi huo huo waziri wetu wa utalii hapa Zanzibar akajiuzulu akisema mazingira ya kazi si rafiki. Hoteli kubwa zilikuwa na pa kulalamikia. Sisi wenye mabanda ya makuti tunabandikiwa daftari. Vijana wangu 11 wako nyumbani, friji nimezizima ili umeme usiniishie bure.

Nataka kitu kimoja kwenu mlioko Nungwi, Kendwa, Jambiani, popote. Mwenye barua yoyote yenye muhuri inayosema mita ngapi kutoka msikitini na muziki mwisho saa ngapi, apige picha aitie hapa, afute jina lake. Msinitumie namba za wataalamu.

Na wewe mwenye suruali ya pasi, najua unasoma. Namba yangu ni ile ile.