Kiti cha beringi cha mashine ya kusaga kimelika: nichomelee upya au nitie bushi?

Mwenye_Mashine:
Ndugu mafundi, ninaomba ushauri wenu. Hausingi (nyumba inayoshika beringi) ya mashine yangu ya kusaga mahindi, ambayo ni ya kasti, yaani chuma cha kumimina, imelika upande wa puli kiasi kwamba beringi ya 6309 inaingia kwa kusukumwa na kidole, na mashine ikiwaka pete yake ya nje inazunguka pamoja na shafti. Fundi wa hapa mtaani alijaza kiti hicho kwa rodi za kawaida za chuma laini za 6013. Kesho yake tulikuta ufa mwembamba kandokando ya mchomeleo, na mkerezaji alipojaribu kusawazisha, kisu cha lathe kiliteleza juu yake kama juu ya kioo kisha kikavunjika ncha. Je, nirudie kwa rodi za nikeli, ambazo bei yake si ya mchezo, au hausingi hii imekwisha?

Fundi_Moto:
Haijakwisha. Kasti ya kijivu ina kaboni ya takriban asilimia 2.5 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo ndani yake kama vipande vidogo vya grafiti. Rodi ya chuma laini inapoyeyuka juu yake huchanganyika na kaboni hiyo, na kwa kuwa hausingi ni nene na baridi, joto hukimbia upesi na mchomeleo hukakamaa papo hapo. Unapopoa pia hunywea, na kasti haivutiki, kwa hiyo hupasuka, mara nyingi pembeni tu mwa mchomeleo, kama ulivyoona.

Nikeli hubaki laini na hukerezeka. Rodi zenye nikeli ya asilimia 55 ni nafuu na zina nguvu zaidi, lakini kwa kiti kitakachokerezwa ningechagua zile za nikeli tupu. Ondoa mchomeleo wote wa zamani kwa grenda, toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha pasha moto mpaka mafuta yaliyojificha ndani ya kasti yaishe kutoa moshi. Chomelea kwa umeme mdogo, sentimita 2 au 3 tu kwa mara moja, gongagonga kwa nyundo ndogo mchomeleo ungali wa moto, na usiendelee mpaka uweze kuweka kiganja karibu yake. Mwisho ifukie katika majivu makavu ipoe polepole.

Mkerezaji:
Maelezo hayo ni sahihi, lakini kwa kiti cha beringi mimi nisingechomelea kabisa. Hata nikeli huacha ukanda mgumu pale inapokutana na kasti, na joto linaweza kupindisha hausingi, kiti hiki kisiwe tena mstari mmoja na kile cha upande wa pili. Panua tundu, tia bushi, yaani pete ya chuma ya kujazia nafasi iliyolika, kisha kereza bushi hiyo ikiwa ndani mpaka kipenyo cha milimita 100, sawa na beringi yako kwa nje. Kwanza tujulishe unene wa ukuta na urefu wa ufa. Pakaa mafuta ya taa, futa pakauke, kisha paka chaki. Ufa utajichora wenyewe.

Mwenye_Mashine:
Nimefanya hivyo baada ya kuondoa mchomeleo. Ufa umebaki upande wa ndani tu, una kina kidogo na haujatokeza nje. Ukuta una milimita 17 juu, ila karibu na tundu za bolti ni 9 tu.

Fundi_Gesi:
Kwa ukuta mwembamba kama huo, shaba ya njano kwa gesi nayo inafaa, maana hushika kwenye nyuzi 900 hivi bila kuyeyusha kasti, na pete ya nje ya beringi haitakiwi kuzunguka, hivyo ulaini wake hauna shida. Lakini grenda hupakaza grafiti juu ya kasti na shaba ikakataa kushika. Malizia kwa tupa kabla ya kutia boraksi, ile dawa ya unga inayosaidia shaba kushika. Fanyia kazi mahali penye hewa, kwa sababu moshi mweupe wa zinki huleta homa.

Mkerezaji:
Kwa vipimo hivyo bado nasimama na bushi, ila iwe nyembamba. Panua mpaka milimita 106, ambapo huenda ufa wenyewe ukaondoka wote, na pale pembamba utabakiwa na milimita 6. Usiishindilie kwa presi, kwa sababu itatanua ukuta na kufungua ufa wowote uliosalia. Iingie kwa mkono na ishikwe na gundi ya kushikilia beringi. Unapoifunga hausingi kwenye lathe, itafutie kitovu kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha tofauti ndogo sana) ukifuata kile kiti kizima cha upande wa pili, si huu uliolika, ambao kwa vyovyote haujabaki duara.