Naomba ushauri: tukisusia vitabu pepe vya bei kubwa, bei itashuka kweli?

Habari zenu wakuu. Inaniuma kuona kitabu pepe kinauzwa bei ileile ya kitabu cha karatasi, wakati mwingine hata zaidi, na huwezi hata kumwazima mwenzio. Wenzangu ninaosoma nao wanataka tususie.

Nasita. Mwaka 2009 wasomaji wa Kindle (kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu pepe) walisusia vitabu vilivyozidi dola 9.99. Mwaka uliofuata wachapishaji wakubwa wakaanza kupanga bei wenyewe, muuzaji akibaki na asilimia 30, na vitabu vingi vipya vikapanda hadi dola 12.99 au 14.99. Kilichowabana ni mahakama: 2012 serikali ya Marekani iliwashtaki Apple, nayo ikiuza vitabu pepe, na wachapishaji watano kwa kula njama ya bei, na Apple ikashindwa mwaka 2013.

Hofu yangu kubwa ni mwandishi. Mauzo yakidorora, mchapishaji atajuaje kwamba tumekataa bei, si kitabu? Anaweza kumnyima mkataba mwingine mtu asiyepanga bei hata kidogo.

Je, tususie huku tukimwandikia mchapishaji sababu zetu? Au tuazime maktaba hadi bei ishuke? Aliyewahi kushiriki mgomo wa namna hii, tafadhali anieleze ulifika wapi.