Kansas na Missouri: jina la "Vita vya Mpakani" libaki au lifutwe?

Mleta mada:
Wakuu, vyuo vikuu vya Kansas na Missouri ni watani wa jadi wa futiboli ya Kimarekani tangu 1891. Mwaka 2004, wanajeshi wa Marekani wakiwa vitani Iraki, vyuo vikaamua mechi yao isiitwe tena Vita vya Mpakani, bali Pambano la Mpakani. Mashabiki wengi wakaendelea na la zamani. Mimi niko upande wao.

Vita ilikuwepo kweli. Sheria ya 1854 iliwaachia walowezi wa Kansas waamue wenyewe kama watakubali utumwa. Watu wa Missouri, ambako utumwa ulikuwa halali, wakavuka mpaka kwenda kupiga kura zisizowahusu. Wapinga utumwa nao wakashika bunduki. Septemba 1861 kikosi cha James Lane wa Kansas kikaichoma Osceola, Missouri. Agosti 21, 1863, alfajiri, William Quantrill, kiongozi wa wapiganaji wa upande wa Missouri, na mamia ya wapanda farasi wakaivamia Lawrence, Kansas, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150, wengi hawana hata fimbo mkononi. Lawrence ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Kansas. Na timu zenyewe je? Jayhawks, timu ya Kansas, ni jina walilojulikana nalo wapiganaji wa Kansas. Tigers, timu ya Missouri, ni la mgambo walioulinda mji wa Columbia, Missouri. Unafuta neno moja, jezi nzima imetoka vitani? Kiini macho hicho.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, historia umeimwaga vizuri ila fulana umezikwepa. Mwaka 2007, mechi ambayo Missouri ilishinda 36-28, kuna mashabiki wake walivaa fulana yenye picha ya Lawrence ikiteketea. Wa Kansas nao wana za John Brown, mpinga utumwa ambaye kundi lake liliua watu watano huko Pottawatomie, Kansas, mwaka 1856. Maiti zimekuwa kijembe! Ukiita mchezo vita, utamkemea nani?

Mleta mada:
Za Lawrence ni uhuni, hapo sina ubishi. Ila angalia mwaka, mkuu. 2007 jina lilishafutwa miaka mitatu nyuma. Kulifuta kulizuia nini?

Mchangiaji wa pili:
Mnagombea jina, wakati wenyewe hata matokeo hawajakubaliana. Mwaka 1960 Missouri ilikuwa namba moja nchini, Kansas ikaenda kuichapa 23-7 kwao Columbia. Baadaye ligi ikasema Bert Coan wa Kansas hakustahili kucheza, Missouri ikapewa ushindi wa mezani. Hadi leo kila chuo kina hesabu yake. Halafu 2012 Missouri ikahamia ligi nyingine na mechi yao ya futiboli ikasimama mpaka Septemba 2025, Missouri iliposhinda 42-31. Jina la kistaarabu lilikuwepo, mechi ndiyo haikuwepo. Hilo la kuhama ligi mbona hakuna anayelifungulia mada?