Eti Mwanza haikupangwa, ILIMWAGWA! Na sato wangu kamla mpaka kichwa

Binti_Igogo: Wakuu mwangaluka, yaani mmeamkaje, japo kwangu bado ni giza. Yule shemeji yetu wa Dar mnamjua, simtaji, yule anayevaa koti hata kwenye jua la saa nane. Jana kaja kwangu, kakaa kwenye kochi langu, kashika kichwa cha samaki wangu sato kwa mikono miwili, kanyonya mpaka jicho, kisha mbele ya mama mkwe anatamka: "Huu mji haukupangwa, ulimwagwa."

Ulimwagwa! Kama maji ya kuoshea vyombo!

Kisa ni kwamba alipotea. Kanipigia simu mara 11 akiwa kiplefti cha Samaki, anazunguka tu kama nzi kwenye embe. Nikamwelekeza kama ninavyomwelekeza kila mtu: shika Kenyatta kama unakwenda Mkuyuni, shuka Igogo, panda. Ukifika kwa muuza mkaa acha jiwe la kwanza, pinda jiwe la pili lenye tangazo la mganga, utaona ngazi za mawe. Ukisikia kuku, umepitiliza. Hapo kuna ugumu gani? Yeye ananiuliza mtaa na namba ya nyumba! Namba ninayo, tulibandikiwa 2022 kwenye anwani za makazi kabla ya sensa. Na kibao cha mtaa kipo, ila kuna mtu kakianikia soksi.

Ulimwagwa. Na mama mkwe AKACHEKA. Miaka sita ya ndoa sijawahi kuona magego yake, jana nimeyaona yote.

Sangara_Mkavu: Nimeishia kwenye soksi. Sato alikuwa wa kukaanga au wa mchuzi?

Kwetu_Isamilo: "Ukisikia kuku, umepitiliza" 😂😂 Dada, shemeji hana kosa. Kuku wakihama je?

Mzee_wa_Reli: Mjukuu wangu, tulia. Mji ulipangwa, ila kipande. Wajerumani waliweka kituo chao hapa 1892, reli ya kutoka Tabora ikafika 1928, biashara ikabanana pale chini kati ya stesheni, ziwa na mto Mirongo. Tembea Rufiji na Lumumba uone mitaa inavyokatana kama ubao wa drafti. Ukitoka hapo una njia kuu tatu tu: Kenyatta inakwenda Nyegezi na Shinyanga, Nyerere inakwenda Nyakato, Igoma na Musoma, Makongoro inapita Kirumba mpaka uwanja wa ndege. Katikati ya njia hizo ni milima na mawe. Watu walipozidi wakapanda huko huko kabla ya mpima ardhi, kila mmoja akajenga palipomkubalia, na njia ikapita palipobaki.

Binti_Igogo: Shikamoo babu, wabeja sana. Ningekuwa na maneno hayo jana! Mimi nilibaki namwangalia mdomo unavyong'aa mafuta. MAFUTA YANGU.

Mtoto_wa_Kariakoo: Ukweli unauma. Kwetu mitaa imenyooka, ukisimama mwanzo unaona mwisho.

Konda_Buhongwa: Wewe kaa kimya. Kariakoo ni tambarare, hapo hata mlevi ananyoosha mstari. Lete rula yako Igogo uone, mstari wa kwanza tu umegonga jiwe kubwa kuliko ghorofa. Na barabara yenu ya Samora huko Dar ilikuwa Acacia, ikawa Independence, ndiyo ikawa Samora. Mtu akilala usingizi mrefu anaamka hajui anakaa barabara gani.

Mtoto_wa_Kariakoo: Inabadilika jina lakini ipo. Yenu ni jiwe.

Kwetu_Isamilo: 😂😂😂 Igogo mnaonewa leo.

Konda_Buhongwa: Ila babu kagusa kidonda changu na hizo njia tatu. Lori likizimika Mkuyuni, Buhongwa nzima tunachelewa. Huna pa kuchepukia, upande huu ziwa, upande ule mlima. Juzi abiria kashuka, kanunua karanga, kala, katangulia mbele kwa miguu yake, tumemkuta Igogo ananisubiri anidai chenji.

Mama_Mabatini: Nyie wa foleni mna raha. Mirongo ukijaa sisi tunapandisha magodoro juu ya kabati. Huko ndiko kumwagwa.

Binti_Igogo: Poleni, ila turudi kwenye mada. Alisema ULIMWAGWA akiwa bado na mwiba mdomoni.

Soksi_Moja: Samahani, kibao gani hicho? Kile cha kwenye nguzo karibu na bomba? Hizo soksi ni za mwanangu za shule. Jana jioni nimekuta moja.

Sangara_Mkavu: Sijajibiwa. Kukaanga au mchuzi?

Binti_Igogo: Mchuzi wa nazi.

Sangara_Mkavu: NAZI? Sato wa ziwani unamtia nazi? Basi shemeji ana haki ya kusema lolote.

Mama_Mabatini: Nazi ni ya watu wa pwani. Huku nyanya na kitunguu vinatosha.

Konda_Buhongwa: Na sato mwenyewe bei yake siku hizi utadhani amesoma chuo. Nimekwenda soko la samaki Mwaloni nikarudi na dagaa.

Mtoto_wa_Kariakoo: Kwa nazi hapo tuko pamoja dada. Usiwasikilize.

Binti_Igogo: Wakuu, KIBAO. MAMA MKWE. MAGEGO.

Mgeni_Mjini: Habari zenu, nimehamishiwa Mwanza kikazi. Vyumba Igogo bei gani? Nimeambiwa kuna kimoja kipo wazi karibu na jiwe la mganga.

Kwetu_Isamilo: La kwanza au la pili?