Tumbili kalala fofofo, mitandao ya ubongo bado ipo. Ni neva au ni pumzi?

kichwa_ngumu: Wakuu, habari za leo. Niko mwaka wa pili wa uzamili, nachakata picha za MRI za tumbili aina ya rhesus waliolazwa kwa isofluraini, gesi ya usingizi. Mnyama hafanyi lolote. Lakini nikichukua eneo linaloongoza macho upande wa kushoto, nikaiuliza kompyuta ni wapi kwingine ishara inapanda na kushuka pamoja nalo, eneo pacha la kulia linawaka. Hilo si ugunduzi wangu, mtafiti Vincent na wenzake walishalionyesha 2007.

Kinachonisumbua ni hiki. Juzi niliondoa wastani wa ubongo mzima kwenye data, ramani ikanibadilikia hadi nikadhani nimefungua faili la mnyama mwingine. (Nilihakiki mara tatu. Ni yuleyule.) Msimamizi wangu akasema, "Hiyo ni kelele ya pumzi, itupe uendelee." Nimeshindwa kuendelea. MRI haisikii neva, inafuata oksijeni kwenye damu. Sasa nitajuaje ninachokitupa ni kifua na si ubongo?

fundi_elektrodi: Mkuu, msimamizi wako kasema kweli nusu. Pumzi zimo, maana hewa ya ukaa ikipanda mishipa ya damu hutanuka, na isofluraini yenyewe huitanua pia. Ila soma kazi ya Schölvinck, Leopold na wenzao ya 2010. Waliweka elektrodi kwenye gamba, yaani tabaka la juu la ubongo, la tumbili aliye macho, na MRI ikapiga picha wakati huohuo. Nguvu ya mawimbi ya gama, yaani umeme wa neva unaocheza kasi, hezi 40 hadi 80, kwenye sehemu moja tu, ilikwenda sambamba na ishara ya MRI ya karibu gamba zima, damu ikifuata nyuma kwa sekunde kadhaa. Sehemu moja, ubongo mzima! Kwa hiyo huo wastani unaoambiwa utupe una neva ndani yake.

kichwa_ngumu: Sawa, lakini kwenda sambamba si kusababisha. Mbona mapigo ya moyo nayo huenda sambamba na usingizi na uchangamfu? Huenda vyote vinaburutwa na kitu cha tatu.

fundi_elektrodi: Hapo umegusa penyewe. Turchi na wenzake, 2018, walikwenda chini kabisa, kwenye kiini cha Meynert, kinachomwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ishara za neva, kwenye gamba. Wakakinyamazisha kwa muskimoli, dawa ya kuzima neva kwa muda, upande mmoja tu. Wimbi la pamoja, yaani huo wastani wa ubongo mzima, likapungua upande uleule, upande wa pili likabaki. Moyo ni mmoja na mapafu yanalisha pande zote mbili, kwa hiyo ukiona upande mmoja tu umeathirika, ujue si pumzi. Na utamu wenyewe ni kwamba mitandao mahususi haikuvunjika.

kichwa_ngumu: Subiri kwanza. Yaani mambo mawili yamepandana: wimbi linalosukumwa kutoka chini, na mitandao yenye asili yake nyingine?

bibi_nyuzi: Ndivyo ninavyoisoma mimi, mwanangu. Na hiyo asili nyingine ni nyaya, yaani nyuzi za neva, ingawa si kwa urahisi unaoudhani. O'Reilly na wenzake, 2013, walikata korpasi kalosamu, lile daraja kubwa linalounganisha pande mbili, kwa tumbili watatu. Wawili wakakatwa pia kamisura ya mbele, daraja la pili lililo dogo, ushirikiano wa kushoto na kulia ukaporomoka. Yule aliyeachiwa kamisura, uzi mdogo tu ukilinganisha, alibaki na ushirikiano mwingi kuliko mtu angetarajia. Ni mnyama mmoja, usijenge nyumba juu yake. Ila ukiona maeneo mawili yanawaka pamoja, usiandike kwamba yameunganishwa moja kwa moja. Wanafunzi wangu wote wameanguka hapo.

kichwa_ngumu: Bibi, shikamoo, na sentensi hiyo iko ukurasa wa nne wa rasimu yangu. Naifuta sasa hivi. Nitaweka ramani zote mbili, yenye wastani na isiyo nao, na nitaomba rekodi za hewa ya ukaa za kila kipindi, kama mashine ya kupumulia ilizihifadhi. Fundi, dozi ya isofluraini ilitofautiana kati ya vipindi vyangu. Nichanganye au nitenganishe?

fundi_elektrodi: Tenganisha. Tena hilo ungelisema mwanzoni kabisa.