Msaada: karatasi ya babu wa KAR inasema "1/6". Alipigana wapi?

Mjukuu_wa_Kalenga
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Babu mzaa baba alifariki kabla sijazaliwa. Alikuwa askari wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), vita ya pili, na ukoo mzima unajua alipigana Burma. Baba alisema hivyo, baba mdogo anasema hivyo, hata padri kwenye mazishi ya baba mwaka jana alisema hivyo. Juzi tumefungua kasha la marehemu, ndani tumekuta vitu viwili.

Kimoja ni medali ya rangi ya fedha. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama juu ya mnyama kama joka. Kingine ni karatasi ya kuachishwa jeshi, imekunjwa mara nne na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni wa sukari. Mikunjo imekatika na mchwa wamekula kona yote ya chini. Linasomeka jina la babu (limekosewa, Kihehe kilimshinda karani), jina la jumbe wake, Iringa, namba yenye herufi mbele, halafu kwa wino uliopauka, "1/6". Nadhani ni tarehe, mosi Juni, ila mwaka umeliwa.

Naomba kujua kikosi chake kilikuwa kipi, alipigana wapi hasa, na faili lake nilipate wapi. Kuna jamaa hapa mjini anataka laki mbili na nusu "afuatilie fidia ya KAR Uingereza". Pia nina binamu anaishi Leicester, kama kuna ofisi ya kwenda atakwenda.

Kisu_Butu
Mfalme kabaki na simba, sisi tumebaki na mchwa. Babu zetu waliburutwa kwenye vita ya wazungu, leo tunahangaika na karatasi zao. Mkuu, laki mbili na nusu nunua mbolea.

Mzee_wa_Mafaili
Kisu ana maneno makali lakini kwenye mbolea yuko sahihi. Mashirika yanayosaidia askari wa zamani wa Uingereza huku kwetu husaidia waliobaki hai na wajane wao. Mjukuu hana fungu. Anayekuomba hela ya kufuatilia anafuatilia mfuko wako.

Sasa hiyo "1/6". Kijana wangu, hiyo si tarehe. Isome upya kwenye mwanga wa jua, uone kama pembeni kuna KAR au herufi TT, yaani Tanganyika Territory. KAR ya sita ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika, na vita vilipopamba moto ikapanuliwa ikawa na batalioni zaidi ya moja. Ya kwanza ikaandikwa 1/6, ya pili 2/6. Kama ndivyo, babu yako alikuwa askari wa miguu na si Panyako wa kubeba mizigo na kuchimba barabara. Na njia ya 1/6 inajulikana.

Mwaka 1941 walikuwa Uhabeshi wakipigana na Waitaliano. Tarehe 19 Mei, mahali panapoitwa Colito, sajini wao Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, alikidandia kifaru cha adui kwa juu akakifungua akiwa na bastola. Hakurudi. Victoria Cross yake, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ilikuja 1945. Nakutajia huyo kwa sababu kila ukitafuta 1/6 utamkuta yeye, utadhani siku ile alikuwa peke yake.

Mwaka uliofuata batalioni hiyo ikapandishwa meli, pamoja na 1/1 ya Nyasa (Malawi ya leo) na 5 KAR ya Kenya, yaani Brigedi ya 22. Septemba 1942 wakashukia Majunga, kaskazini magharibi mwa Madagascar, kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani. Wakaenda hadi mji mkuu, Tananarive, na kuendelea kusini mpaka Wafaransa waliposalimu amri mwanzoni mwa Novemba.

Burma ni safari nyingine. Watanganyika waliokwenda kule na Divisheni ya 11 mwaka 1944, wakashuka Bonde la Kabaw kwenye malaria na matope mpaka Kalewa mtoni Chindwin, walikuwa wa 26 KAR na 36 KAR. Sisemi babu hakufika, askari walikuwa wakihamishwa. Ila karatasi hii peke yake haimpeleki Burma.

Kawaulize wazee wa ukoo, aliwahi kutaja Bukini? Usiwaambie Madagascar, hawatajua unasema nini. Waswahili wa zamani kisiwa kile walikiita Bukini.

Nyeri_Ndogo
Salamu kutoka Kenya. Naongezea kwa Mzee hapo juu: usiangalie tu batalioni ilikuwa ya nchi gani. Waruhiu Itote, yule aliyekuja kuitwa Jenerali China wakati wa Mau Mau, ni mtu wa huku Nyeri, lakini Burma alipigana na hiyo 36 KAR ya Tanganyika. Na kwenu ndugu wawili wa harakati za TANU, Abdulwahid na Ali Sykes, walikuwa Burma pia, kwa hivyo hiyo hadithi ya familia si ya kutupa bado.

Halafu usirudie kosa langu. Wiki nzima nilikesha kwenye tovuti ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola nikimtafuta guka (babu) wangu. Nikabadilisha herufi za jina, nikajaribu L badala ya R, wapi. Mwishowe mtu akaniuliza, guka yako alifia vitani? La, alirudi akaoa cucu (bibi yangu). Ile ni orodha ya waliokufa! Mimi ninayeandika hapa ndio ushahidi kwamba hayumo.

Binti_Upanga
Pole kwa msiba wa baba. Nizungumzie medali kwanza. Simba juu ya joka ni Medali ya Vita ya 1939–1945. Ilihitaji siku 28 tu za utumishi, kwa hiyo inathibitisha alikuwa jeshini na basi. Msihangaike kutafuta jina ukingoni, za namna hiyo kutoka Uingereza zilitolewa bila jina. Ambazo zingewaambia kitu ni nyota. Ni za shaba, zina ncha sita, na katikati zimezungushiwa maneno: ya Burma imeandikwa Burma, ya Afrika imeandikwa Afrika. Ulizeni kama ilikuwepo nyota na ilienda wapi.

Kwa hapa Dar, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga. Usifike mezani ukasema "naomba faili la babu", utarudishwa mlangoni. Omba kitabu cha wilaya ya Iringa na mafaili ya utawala ya wilaya na jimbo ya miaka ya vita. Jina la jumbe ulilonalo ndilo litakalokusaidia, maana kule mambo yamepangwa kwa maeneo na watawala, si kwa majina ya askari. Pitia na magazeti ya Mambo Leo ya miaka hiyo. Mimi niliyafungua kutafuta kitu kimoja nikakaa siku tatu.

Mjukuu_wa_Kalenga
Wakuu, nimetoka na karatasi nje saa sita mchana. Baada ya 1/6 kuna K na mguu wa herufi nyingine, nadhani A. Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunasoma mosi Juni!

Mzee, sijaelewa kuhusu faili. Ina maana halipo kabisa?

Mzee_wa_Mafaili
Faili binafsi la askari Mwafrika wa cheo cha chini ni nadra sana kulipata, usilifanye ndiyo mwanzo wa safari. Anza na batalioni. Kila batalioni ilikuwa na shajara ya vita, afisa anaandika siku kwa siku: tumelala wapi, mto umejaa, daraja limevunjwa, adui yuko mlima gani. Ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Maafisa utawakuta kwa majina. Wa kwetu mara nyingi ni hesabu tu, wangapi wamekufa na wangapi wamejeruhiwa. Inauma, nakuonya mapema.

Binamu aandike namba hizi. WO 169 ina shajara za Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki, Uhabeshi atautafuta humo. WO 174 ni Madagascar tupu. WO 172 ni Burma na Asia ya Kusini Mashariki. Orodha inatafutika kwa intaneti bure, kwa hiyo asifunge safari kutoka Leicester kabla ya kupata namba kamili ya jalada na kuliagiza. Kadi ya msomaji haina malipo, aende na kitambulisho na uthibitisho wa anwani.

Kisu_Butu
Nafuta kauli ya mchwa. Endeleeni, nasoma.

Mjukuu_wa_Kalenga
Nimerudi baada ya siku nne. Nilikwenda Kalenga kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ana miaka 84 na bado analima bustani yake.

Nyota ilikuwepo. Baba na wenzake waliifunga kamba wakaifanya kengele ya mbuzi, ikapotelea porini. Ilikuwa na maneno, lakini shangazi hakupelekwa shule, hajui yalisemaje.

Nikamuuliza Bukini, akasema hajapata kusikia. Burma je? Akasema hiyo aliisikia kwa baba mdogo, na baba mdogo aliitoa kwa jirani aliyekuwa na babu jeshini. Babu mwenyewe habari za vita hakuwa akizisema. Nikakata tamaa, nikaanza kuaga.

Nikiwa navaa viatu akaniuliza, huko mnakosema meli iliwashusha kunaitwaje? Nikamwambia Majunga.

Akaweka kikombe chini. "Majunga alikuwa mbwa wetu."

Mbwa mweupe, jicho moja lina doa jeusi. Alipokufa babu akaleta mwingine mwekundu, naye akamwita Majunga. Shangazi alikuwa akitumwa jioni kusimama kichuguuni kumwita, na pale pale mlangoni akaniitia jinsi alivyokuwa akiita, akivuta ile "jung" mpaka kuku wakatimka. Wao walidhani ni neno la Kizungu la jeshini.

Nyeri_Ndogo
Nimesoma hii kwa matatu, watu wananiangalia.

Mzee_wa_Mafaili
WO 174. Binamu aanzie Septemba 1942. Aende na simu iliyojaa chaji, kupiga picha kwa simu yako pale hulipii.

Mjukuu_wa_Kalenga
Ameshaliona jalada la 1/6 kwenye orodha, anakwenda Jumanne ijayo. Nitaweka picha hapa hapa.

Baba mdogo nimempigia simu. Amesema mbwa ni mbwa, babu alikuwa Burma.